Taa ya Saa Nne

Siku msaidizi wa taa alipoaga, nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nikiokota pini kwenye zulia. Alikuwa amepata kazi kubwa kwingine. Fundi, mwenye studio ya picha, alimpa mkono, akamtakia heri, na mlango ulipofungwa akashika kiuno, akazitazama taa zake kama mtu aliyeachiwa watoto wasio wake.

"Jumatatu anakuja binti mmoja ana cheti cha chuo," akasema, wala hakuwa akisema nami. "Mpaka hapo tutajikongoja."

Nikatoka chini ya meza. "Fundi, mimi naweza kupanga taa."

Akacheka. "Wewe? Na cheti chako kiko wapi?"

"Ninacho cha shule ya msingi."

"Hicho katundike jikoni kizuie moshi."

Siku nyingine ningecheka naye, nikachukua ndoo yangu ya deki nikaenda zangu. Siku hiyo nilisimama palepale na pini mkononi mpaka kicheko kikamwishia.

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Akajikuna kidevu. "Haya. Jumamosi mshonaji analeta gauni na mwanamitindo. Anataka picha moja, uso na mabega, ya kubandika dukani kwake. Utapanga taa wewe. Mimi nitabonyeza kamera tu. Nakupa picha tatu, ya nne hupati. Ikipatikana nzuri, nampigia yule wa cheti asije. Isipopatikana, unarudi kwenye deki, na habari za taa sitaki kuzisikia tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Fundi."

Sikuwa nimeropoka. Miaka miwili nilikuwa nimepiga deki sakafu ile, na sakafu ile ilikuwa na alama za utepe. Nyekundu ni za taa kubwa, ile yenye boksi la kitambaa cheupe, pana kama dirisha, inayomulika uso. Nyeupe ni za ubao unaosimama upande wa pili, kurudisha mwanga ili shavu la kivulini lisizame. Njano ni za taa ndogo ya nyuma, ya kutenga nywele na pazia. Deki ikibandua alama, mimi ndiye niliyeibandika tena. Ungenifunga kitambaa machoni ningekuonyesha kila moja kwa kidole cha mguu.

Halafu kulikuwa na ndoo ya taka, ambayo ndiyo ilikuwa sekondari yangu. Picha zilizoharibika Fundi alizitupa humo, nami nilizichukua nyumbani nikazitazama moja moja. Katika kila jicho niliona kidoa cheupe, mfano wa ile taa yenyewe. Picha ambazo Fundi alizitundika ukutani, kidoa kilikaa juu kando, pale mshale mfupi wa saa unapokuwa saa nne, au ng'ambo yake saa nane. Zilizotupwa, kidoa kilikaa popote, au hakikuwapo kabisa na jicho likawa kama kisima kilichokauka.

Nyumbani naishi na mama mdogo. Ni msusi, na chumba cha mbele ndiyo saluni yake. Ana kichwa cha plastiki cha kuvalishia mawigi, tunakiita Bi Kimya. Wiki ile kila nikirudi kazini nilishusha pazia, nikafunga balbu kwenye mpini wa ufagio, nikaning'iniza shuka mbele yake, nikaegemeza sinia lililofungwa karatasi nyeupe, nikamkalisha Bi Kimya katikati.

"Wewe mtoto," mama mdogo akasema, kitana kikiwa mdomoni, "huyo unampiga picha au unamuuguza?"

"Ni mwanamitindo wangu, mama."

"Basi mwambie atabasamu. Tangu nimnunue amenuna."

Wateja wakacheka, mimi nikaendelea. Nilijifunza kwamba taa ikikaa mbali kivuli hukatika kama kimekatwa na mkasi, na ikisogezwa karibu kivuli hulainika, kikayeyuka taratibu kuelekea sikioni. Jambo jingine nililipata kwa ajali. Mteja mmoja aliusukuma ufagio kwa goti, balbu ikageuka, kitovu cha mwanga kikapita mbele ya pua ya Bi Kimya na ukingo tu ndio ukamgusa. Ule mng'ao kama wa mafuta kwenye paji lake la plastiki ukaondoka papo hapo. Nilimshukuru yule mteja mpaka akaniona nimeingiwa na kitu.

Ijumaa mama mdogo akaniuliza, "Na usipoweza?"

"Nitaweza."

"Nimekuuliza usipoweza."

"Nami nimekujibu, mama."

Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Jumamosi mshonaji aliingia amelibeba gauni mikononi kama anapeleka mgonjwa hospitali. Nyuma yake mwanamitindo aliinama ili apite mlangoni. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na mshonaji alimwita Mlingoti. Taa zangu zilikuwa kwenye alama zake tangu asubuhi.

"Mbona anayepanga ni huyu wa deki?" mshonaji akauliza.

"Leo mimi ni kidole tu," Fundi akajibu.

Nikamsimamisha Mlingoti pale wanaposimama mabibi harusi. Fundi akabonyeza. Tukainamia kioo cha kamera.

Kidevu kilikuwa kinawaka, na kivuli cha pua kilikuwa kimepanda juu kuelekea paji la uso, kama mtu aliyeinamia jiko la mkaa gizani.

"Huyu mmemfufua?" mshonaji akasema.

"Hata mama yangu angenikimbia," Mlingoti akasema.

Fundi akainua kidole kimoja.

Nikapiga magoti nikakagua alama. Nyekundu iko sawa. Nyeupe iko sawa. Njano iko sawa, haijasogea hata unywele. Nikajiambia, basi mwanga hautoshi, maana gauni ni la rangi ya giza. Nikaongeza nguvu ya taa. Fundi akabonyeza, na jini likatokea lilelile, safari hii jeupe kama limekunywa maziwa.

Vidole viwili. Simu yake ilikuwa mezani, na karibu yake karatasi yenye namba ya yule wa cheti.

Taa kubwa hulipuka kamera ikibonyezwa tu, lakini ndani ina balbu ndogo inayowaka muda wote, ili mtu aone kivuli kitaangukia wapi. Nikamsogelea Mlingoti, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutazama chini. Nilimtazama machoni.

Kidoa kilikuwa saa kumi na mbili, chini kabisa ya mboni.

Nikaelewa, na aibu ikanipanda. Mabibi harusi wote wangemfika Mlingoti begani, na taa ilikuwa bado kwenye urefu wao. Nilikuwa nimejifunza taa kwa pale miguu yake inaposimama, kama mpiga deki, na sakafu haisemi urefu. Bi Kimya naye alikaa kwenye meza ileile kila siku, na macho yake ni ya rangi ya kupaka. Yasingeweza kuniambia.

"Dada, tazama kamera, usihangaike na mimi," nikamwambia.

Nikalegeza skrubu ya mguu wa taa nikaipandisha, jicho langu likiwa kwenye jicho lake. Kidoa kikaanza kukwea. Saa moja. Saa mbili. Saa tatu. Saa nne. Nikakaza.

"Binti, nina wateja wananisubiri," mshonaji akasema.

"Mama, gauni hili ulilishona siku ngapi?"

"Siku tisa."

"Basi nipe dakika tisa."

Fundi akakohoa. Kile hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko.

Kwa kupanda, taa ilikuwa imekwenda mbali na uso, na kivuli kimeanza kuwa kikali. Nikaivuta karibu, miguu yake ikaikanyaga alama nyekundu na kuipita. Nikaigeuza, kitovu cha mwanga kikapita mbele ya pua ya Mlingoti na ukingo tu ukamgusa. Ngozi ile nyeusi ikaacha kumeta ovyo, ikawa na mstari mmoja mrefu wa mwanga kutoka kwenye shavu hadi kidevuni. Nikasogeza ubao mweupe. Nikapandisha taa ya nyuma. Nikamtazama machoni tena.

"Tayari, Fundi."

Akabonyeza. Sikuinamia kioo, niliwatazama wao.

Mshonaji alikitazama kwa muda mrefu, anatafuta kosa. "Hata mshono wa begani unaonekana," akasema mwishowe. "Mngeniambia unaonekana ningeunyoosha."

"Nipatieni moja nimpelekee mama," Mlingoti akasema. "Huyu hatamkimbia."

Fundi akachukua simu na ile karatasi akatoka nje. Nilimsikia akisema, "Binti, samahani sana, nafasi imepata mtu." Nilimwonea huruma yule wa cheti kidogo. Kidogo tu.

Wageni walipoondoka, akanipa kisu. "Zile alama bandua zote."

"Zote?"

"Hazijakudanganya vya kutosha?"

Nikabandua moja moja. Gundi ya ile nyekundu ilikuwa imeshika kweli, ikanivunja ukucha.

"Ukimaliza piga deki," akasema.

"Fundi, si umesema..."

"Mpaka tupate mtu. Au umeshaota pembe?"

Nikachukua ndoo. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameishika kamera, anaitazama ile picha ya tatu na hajui kwamba namwona. Nikaegemeza deki ukutani.

"Usisogee, Fundi."

"Nini tena?"

Akainua macho. Dirisha lilikuwa ndani ya macho hayo, kidoa cheupe saa nane kamili.

"Hapohapo," nikasema. "Naomba hiyo kamera."