Kola ya Sweta la Kahawia

Jumamosi saa kumi alasiri mama alisogeza kiti karibu na dirisha, akakaa, akaanza kufumua sweta la kahawia la mume wake. Mtoto alikaa kwenye zulia, kitabu mapajani. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa ameagiza kila mtoto asome kwa sauti nyumbani dakika ishirini kwa siku, na mzazi atie sahihi kwenye daftari dogo la bluu. Katika nyumba hii agizo hilo halikuwa mzigo. Mama alifuma masweta ya shule kwa wateja, kazi inayotaka mikono na kuyaacha masikio huru, na mtoto alisoma chochote chenye herufi: vitabu, maboksi ya sabuni, vibao vya madukani, hata onyo lililobandikwa nyuma ya jiko la gesi. Baba yake alimpa jina la Chiriku kabla hajafungwa.

Sweta lilirudishwa miaka miwili iliyopita ndani ya mfuko wa karatasi, pamoja na mkanda na viatu visivyo na kamba. Mama alilitia kabatini lilivyo. Sasa baridi ilikuwa inaingia, mikono ya sweta la Chiriku ilikuwa imeishia chini kidogo ya viwiko, na uzi mzuri wa sufu hauozeshwi kabatini.

Alianzia kolani, kwa kuwa sweta lililofumwa kutoka chini hufumuliwa kutoka juu. Uzi ulitoka na mikunjo, kama ilivyo kawaida. Uzi uliokaa miaka ndani ya vitanzi hausahau vitanzi mpaka uloweshwe maji ya vuguvugu na kuning'inizwa, na chupa iliyojaa maji ikiuvuta kwa chini.

Chiriku alishika ncha ili uzi usijisokote. Baada ya muda aliweka kitabu chini.

"Mama, huu una maneno."

"Yanasemaje?"

"Sijui, wewe unavuta mbio mbio."

Mama akapunguza mwendo. Mtoto aliupitisha uzi kati ya vidole viwili, karibu na macho. Ulikuwa mwandiko wa kuunganisha, ambao darasani walikuwa hawajaufikia, kwa hiyo alisoma kwa kusitasita.

"She-meji. Shemeji, nenda nyumbani. Mtoto ana homa, wewe umekaa hapa unahesabu mablanketi." Mwandiko ulibadilika hapo, kama watu wawili wanaopokezana. "Na funguo? Niachie mimi. Lori likija nitalipakia mwenyewe. Na kitabu cha bohari? Saini kabisa, mimi nitajaza. Haya, asante, shemeji."

Baada ya hapo uzi ulikuwa na kikohozi, na mlio wa mlango wa bati, na hatua za mtu anayekimbia.

"Mtoto ni mimi?" aliuliza Chiriku.

"Ni wewe. Ulikuwa na surua."

"Na anayemwita baba shemeji ni mjomba."

Mama aliendelea kuvuta uzi. Alikuwa na ndugu mmoja tu, na ndugu huyo alikuwa msimamizi wa bohari ambamo mume wake alitunza funguo. Mablanketi mia tano yalitoka katika bohari hilo bila kuonekana tena. Funguo zilikuwa za mume wake, sahihi ilikuwa ya mume wake, na msimamizi aliiambia mahakama kwamba siku hiyo alishinda mazikoni. Hukumu ilikuwa miaka saba. Rufaa ingesikilizwa Alhamisi, na mpaka Jumamosi ile saa kumi hapakuwa na jambo jipya la kupeleka.

Mama alitia sahihi kwenye daftari la bluu. Mahali pa jina la kitabu aliandika: kola.

Jumatatu alikwenda mahakamani na uzi ndani ya kopo la biskuti. Karani wa dirisha la tatu alifunua kifuniko, akachungulia.

"Umefumwa kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono. Nilifuma mimi."

"Unasema?"

"Unasema."

Karani aliandika hivyo. Kisha akatoa kitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akafunua kurasa mpaka mahali alipopataka. Kielelezo chochote cha nguo au nyuzi kilitakiwa kuletwa kikiwa kimefuliwa, kimekauka na kimepimwa uzito.

"Ukifuliwa mikunjo itanyooka," mama alisema. "Hautasomeka tena."

"Wote husema hivyo. Mwaka jana mama mmoja alileta mto."

"Ulisema nini?"

"Hatukujua. Ulikuwa umefuliwa." Karani hakuwa mtu mbaya. Alifunua ukurasa uliofuata, akaupitia kwa kalamu. "Kuna njia nyingine. Mwenye maneno ajaze fomu hii, akubali kwamba maneno ni yake. Hapo uzi hauna haja ya kufuliwa, hata kuletwa hauna haja. Mwisho ni Alhamisi saa nne asubuhi."

Mama aliikunja fomu mara mbili, akaiweka juu ya uzi.

Mjomba alikuja Jumatano jioni baada ya kupigiwa simu. Kwa kawaida alikuja Jumapili, na hakuja mikono mitupu: vitabu vyote kumi na vinne vya rafu ya Chiriku vilitoka kwake. Safari hii pia alikuwa na kimoja, kimefungwa kwa gazeti.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, mdogo wangu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Chiriku. Meno yamekwenda wapi?"

"Yametoka. Wewe yako yatatoka lini?"

"Ulimi wa mtoto huyu, dada, utatuuza sote," mjomba alisema, akacheka, akakaa. Kisha akauona uzi wa kahawia ukiwa umezungushwa kwenye mgongo wa kiti, na fomu mezani, na kalamu juu ya fomu. Kicheko hakikukatika ghafla; kilikwisha tu.

"Nisaidie kushika," mama alisema. "Nataka kuukunja donge."

Mjomba alinyoosha mikono bila kuuliza. Tangu utotoni yeye ndiye aliyemshikia dada yake uzi, viganja vikitazamana, vidole gumba juu. Mama alimvalisha uzi viganjani, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukamfikia karibu na saa ya mkononi. Akachukua ncha, akaanza kukunja. Chiriku alisimama katikati yao, na uzi ulipompitia akausoma.

Safari hii alisoma bila kusitasita, maana alikuwa amerudia siku nne. Nenda nyumbani. Niachie mimi. Lori likija. Mjomba alikuwa akiinamisha mkono huu, kisha ule, ili uzi utoke vizuri. Alikuwa mshikaji hodari. Jasho lilimtoka chini ya pua, na hakuweza kulifuta.

"Saini kabisa, mimi nitajaza," Chiriku alisoma.

"Haraka," alisema mjomba.

"Nini?"

"Sikusema kabisa. Nilisema saini haraka."

Chiriku aliurudisha uzi nyuma kidogo, akausogeza kwenye mwanga. "Hapa pameandikwa kabisa."

"Basi kabisa," mjomba alisema.

Mama aliacha kukunja. Ilikuwa imebaki mizunguko kama kumi mikononi mwa ndugu yake. Kwa mkono uliokuwa hauna donge aliisukuma fomu mpaka ikafika ukingoni mwa meza, upande wa mjomba.

"Umekwisha kusema, mbele yangu na mbele ya mtoto," alisema. "Imebaki kuandika."

"Dada, nikiandika hapo, yeye atatoka na mimi nitaingia."

"Ndiyo."

"Nina watoto watatu."

"Watakaa hapa. Watasoma na Chiriku, na baridi haitawapata. Kufuma najua."

Mjomba aliitazama kalamu. Uzi kati ya mikono yake na mkono wa dada yake ulikuwa umekazwa sawasawa, haukulegea wala haukukatika. Nje mtu alikuwa akivuta ndoo kisimani; walisikia kamba ikipanda mpaka ndoo ikatoka. Chiriku alisoma fomu kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa na herufi. Mimi, nukta nukta nukta, nakiri kwamba maneno haya ni yangu.

Kidole cha mjomba cha shahada, cha mkono wa kulia, kilinyanyuka. Kisha kikashuka.

Alichomoa mikono polepole, mmoja halafu mwingine, akaitundika ile mizunguko kumi kwenye mgongo wa kiti kwa uangalifu mkubwa, uzi usijifunge hata mahali pamoja. Aliweka kitabu chake mezani, kikiwa bado ndani ya gazeti, juu ya fomu.

"Ufue huo uzi, dada," alisema mlangoni. "Ukinyooka utafumika vizuri."

Alhamisi saa nne karani aliandika kwamba hakuna jambo jipya lililowasilishwa. Saa sita majaji walisema hivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi. Miaka mitano iliyobaki ilibaki. Mume alimpungia mtoto mkono kutoka kizimbani, akainama kupita kwenye mlango mfupi.

Mama hakuufua uzi. Aliufuma na mikunjo yake, na kila mteja aliyepita aliona kwamba sweta lile halikutoka sawa: lilikuwa na vivimbe mabegani, na kola yake ilisimama kama ya mtu anayehisi upepo. Chiriku alilivaa siku hiyo hiyo lilipokwisha. Alisema lina joto, ila linawasha kidogo.

Jumapili mjomba alibisha mlango kwa vidole, bila hodi. Alikuwa na kitabu. Shikamoo aliijibu kwa kichwa. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote na Chiriku akaja kukaa ubavuni pake, kama siku zote, kola ikiwa imemkaribia mjomba shavuni. Mjomba alifungua mdomo, akaiona kola, akaufunga. Akatoa kijidaftari kipya mfukoni, na penseli iliyochongwa vizuri, akaandika mstari mmoja.

Chiriku aliegemea mbele, akausoma kwa sauti, kama alivyosoma kila kitu.

"Naomba maji ya kunywa."

Mama alitua sindano, akaenda jikoni, akarudi na bilauri kwenye sahani. Mjomba alikunywa yote. Aliandika tena, na mtoto akasoma tena: "Asante, dada."

Kisha Chiriku akafungua kitabu kipya ukurasa wa kwanza, na wote wawili wakamsikiliza dakika ishirini. Zilipokwisha mama alitia sahihi kwenye daftari la bluu. Aliandika jina la kitabu, akaandika kurasa, na chini yake, kwa kuwa navyo vilisomwa, akaandika maji na asante.