Kidole cha Shemasi

Katika nyumba ya shemasi Bonaventure hapakuwa na mtu wa kushika bunduki, na hatatokea. Hayo aliyasema mwenyewe kila Jumapili wakati wa ushuhuda, amebana kipaza sauti kama mtu aliyekamata kuku wa jirani.

"Bandugu, batoto ba kwangu batashika nyavu, habatashika bunduki. Mi na Mungu tulishaongea, tukamalizana."

Kanisa lilisema amina. Mungu hakuulizwa kama naye anayakumbuka mazungumzo hayo.

Kazi ya Bonaventure ilikuwa kushona nyavu zilizochanika, pale ufukoni mwa ziwa, mjini Baraka. Mkewe Clarisse aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mtoto wao wa kwanza, Vainqueur, alikuwa amemaliza shule ya sekondari na sasa alikuwa bingwa wa kukaa mlangoni. Kisha vijana wenye silaha wakaanza kushuka kutoka mlimani, wakipita nyumba kwa nyumba na kumuuliza kila baba ana vijana wangapi. Walikuwa na adabu. Walisema watarudi.

Kabla hawajarudi, Vainqueur akaingia jeshi la serikali.

Bonaventure alilieleza kanisa jinsi mambo yalivyokuwa. Kijana alitoroka alfajiri, amepakiwa kwenye pikipiki. Yeye, pamoja na umri wake, aliikimbiza pikipiki hiyo hadi daraja la mto Mutambala, akamkamata mtoto shati, shati likapasuka, mtoto akaenda. Watu walimpa pole. Clarisse alilia akiwa amekaa kando ya ndagala wake, na bata wa mtaani wakala kwa raha zao.

Siku chache baadaye Bonaventure alikuwa akishona wavu wa mvuvi mmoja, Papa Eugène, mkono wake wa kuume ukaiacha sindano, ukapanda wenyewe na kupiga saluti.

"Shemasi, unasalimia nani?" akauliza Eugène.

"Si mi. Ni Vainqueur. Nafikiri mukubwa wake anapita."

"Aa. Akimaliza kupita, unimalizie wavu. Ndagala habanigojei."

Tangu hapo kila alichofanya mtoto kambini, mwili wa baba ulikifanya Baraka. Alfajiri miguu ilimtoa kitandani na kumzungusha nyumba kwa mwendo wa kuruka, akiwa amevaa kaptula ya kulalia. Akienda sokoni aligeuka kulia kwa kishindo bila sababu, na wauza mihogo wakajifunza kumpisha. Mikono yake ilifungua redio ya nyumbani vipande vipande, yeye amefumba macho, kisha ikaifunga tena. Ilipofunguliwa mara ya tatu ilianza kushika stesheni ambazo haikuwahi kuzishika, basi watu wakamletea redio zao mbovu. Kanisani, badala ya kuinua mkono wa baraka, alipiga saluti, na watoto wa Shule ya Jumapili wakamrudishia.

Bega lilipoanza kuvimba, alikwenda kituo cha afya. Muuguzi Aline alilibonyeza, akaandaa pomada.

"Ni kitako ya bunduki," alisema. "Banamufundisha kupiga. Usijali, papa, hauko peke yako. Kuko mama moja wa kijiji ya Mboko, amefumba jicho la kushoto tangu Pasaka. Mutoto wake anafundishwa kulenga."

"Na dawa yake?"

"Anavaa kitambaa. Inamupendeza."

Clarisse ndiye aliyefaidi. Jioni alimkalisha mumewe kwenye kiti, akamkanda nyayo kwa mafuta ya mawese, akamwambia, "Pole, mwanangu. Ulitembea sana leo." Alimpapasa shavu kwa upole ambao Bonaventure hakuwa ameuonja tangu arusi, na hata sasa haukuwa wake. Akageuza shavu la pili.

Jambo moja tu lilimshinda mama huyo. Alipika ugali wa muhogo na samaki aina ya kuhe, akamlisha mume hadi tumbo likawa gumu kama ngoma, na njaa haikutoka. Bonaventure alilamba sahani, akaifuata sufuria.

"Ni yeye," Clarisse alisema. "Habamupi chakula."

"Banamupa. Jeshi iko na chakula."

"Basi njaa hii ni ya nani?"

Bonaventure akatazama mlango, pale Vainqueur alipozoea kukaa.

Kisha mafunzo ya kambini yakaisha, mtoto akapelekwa vitani. Bonaventure alilijua hilo kwa sababu miguu ilitembea siku nzima kama inayopanda mlima, na yeye alikuwa kwenye mchanga tambarare. Usiku Clarisse alilala ameweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, akisikiliza.

Jumapili iliyofuata, kikapu cha sadaka kikiwa mkononi mwake, kidole cha shahada cha Bonaventure kilijikunja. Bega likarushwa nyuma. Sadaka zikamwagika. Kidole kikajikunja tena, na tena, kisha kikanyooka polepole na kutulia.

Wanakwaya waliacha kuimba. Kila mtu alikuwa amezoea saluti. Hii nayo ilieleweka. Mahali fulani, mtu fulani ameanguka, na kidole kilichomwangusha kina mwenzake hapa, ndani ya nyumba ya Bwana.

Bonaventure akachukua kipaza sauti.

"Bandugu, munanitazama mi. Mi nilimukataza! Nilikimbia hadi kwenye daraja, shati ikapasuka mukononi..."

"Shemasi, shati haikupasuka."

Aliyesema ni Mama Godelieve, muuza mandazi, kutoka upande wa akina mama. Hata kusimama hakusimama.

"Ile asubuhi nilikuwa na karai yangu pale kwenye uwanja, kwenye vijana ba kuingia jeshi balipanga mustari. Pikipiki haikuwa. Mulikuja kwa miguu, we na mutoto. Akajificha nyuma ya bale barefu. Ukamushika bega, ukamusogeza mbele. Ukasema, 'Simama hapa, bakuone.'"

"Mama, ba kule mulimani bangemuchukua! Nilifikiri, afazali serikali..."

"Mi sikuuliza sababu. Nasema tu shati ilikuwa nzima."

Bonaventure alitaka kurudi kitini. Miguu ilibana visigino ikakataa. Mtoto huko alikuwa amewekwa lindo. Akabaki pale mbele, wima, kifua nje.

Clarisse akainuka. Hakumtazama mumewe. Alimgeukia Godelieve.

"Mutoto alikula?"

"Papa yake alimununulia mandazi mbili. Mutoto akazishika tu. Bakamwita, akazirudisha kwa papa yake."

"Na papa yake?"

Godelieve alimtazama shemasi, kuanzia viatu hadi kipaza sauti.

"Alikula zote," alisema. "Akaomba na chai."