Picha ya Siwema

Mwaka ule wa Nguvu Kazi, mtu asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani, akapakiwa kwenye lori na kupelekwa shamba. Siwema alikuwa na kazi. Alishona magauni kwenye baraza ya duka moja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alichokosa ni picha ya kitambulisho. Tangu jiko la mafuta ya taa limlipukie, miaka mitatu nyuma, hakuwa amepiga hata moja.

Moto ulimuunguza upande wote wa kushoto, kuanzia jichoni mpaka shingoni. Ngozi ilivutana, mdomo ukapinda. Kwenye foleni ya sukari watu walimpisha apite mbele. Alikataa, akasimama palepale akiwakodolea macho mpaka wakainama. Wateja waliongea naye huku wakitazama kitambaa. Mtu akimwambia pole, alitamani kumrushia mkasi.

Aliyesema pole kuliko wote ni mama yake, Bi Siti. Asubuhi pole, jioni pole. Lakini majirani aliwaambia kwamba Siwema mwenyewe alilipampu jiko kupita kiasi. Siwema alisikia, akanyamaza.

Walikwenda pamoja kwa Onesphory, mpiga picha wa Mtaa wa Pemba. Siwema alishusha kanga, akaikazia macho kamera. Walipomaliza alitoka nje. Mama yake alichelewa kidogo ndani.

Siku ya tatu Siwema alichukua bahasha ya picha, akaipeleka ofisi ya kata bila kuifungua. Karani alizitoa picha, akamtazama, akazitazama tena.

"Dada, huyu ni nani? Mimi nataka picha yako."

Siwema alimpokonya. Msichana mwenye mashavu mawili laini na mdomo ulionyooka alikuwa akimtazama kutoka kwenye picha. Alirudi Mtaa wa Pemba karibu akikimbia, kanga ikimwanguka mabegani, asijali nani anamwona.

"Umenifuta!" alimfokea Onesphory, akizitupa picha mezani. "Nani kakutuma?"

"Nimepitisha penseli kwenye negativu tu, makovu yasionekane, dada. Mama yako aliniomba. Alilia hapa, nikamwonea huruma."

"Ukamwonea huruma yeye! Nipige nyingine. Penseli iweke mbali."

Onesphory alipiga. Siwema hakupepesa macho.

Nyumbani alimkuta Bi Siti chumbani akichambua mchele. Akazichana zile picha mbele yake, moja moja.

"Nilitaka nimwone tena mwanangu," mama alisema.

"Mwanao ni huyu hapa! Humtaki?"

"Usiseme hivyo, Siwema. Pole, mama."

"Pole ya nini? Mafuta alinunua nani?"

Bi Siti aliacha kuchambua. Akauweka ungo chini.

"Nilinunua mimi," alisema. "Yalinuka petroli. Niliisikia harufu. Madukani hayakuwepo mengine, na nilitaka tule. Sikukwambia."

"Nilijua. Baadaye niliyanusa yaliyobaki. Miaka mitatu nasubiri useme. Sasa toka nje, ukawaambie wale uliowaambia nilipampu vibaya."

"Siwema, mbele za watu?"

"Mimi huu uso nautembeza mbele za watu kila siku!"

Bi Siti alijifunga kanga, akatoka uani, ambako wapangaji wenzao walikuwa wakifua. Siwema alisimama mlangoni akamsikiliza akisema yote, petroli na uongo, sauti ikimkatika. Mpangaji mmoja aliyeitwa Sabaha aliinua macho, akamtazama Siwema usoni, sawasawa, kwa mara ya kwanza.

Siwema alidhani hasira zingemtoka. Hazikumtoka. Usiku ule alikula na mama yake sinia moja bila kumsemesha, na wiki nzima ikapita hivyo. Lakini pole haikusikika tena nyumba ile.

Picha mpya zilipotoka, alizipeleka kata. Karani alitazama picha, akamtazama yeye, akagonga muhuri.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi," Siwema alijibu, akachukua kitambulisho na kurudi kazini. Magauni mawili yalikuwa yakimsubiri.