Mawe Yaliyooga Chumvi

Mzee wangu hatupi kitu. Usinicheke, hata mimi nimo humo humo, katika vitu alivyokataa kutupa.

Kazi yake ilikuwa mapipa, katika kiwanda kinachovunja betri kuukuu za magari. Maji machafu ya kiwanda yalipitia kwenye mapipa yake, yaliyojaa mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa yakawa kama punje za mahindi. Mawe yale hunasa madini ya risasi, ambayo ni sumu, maji yakatoka salama. Yakishashiba hayanasi tena. Hutiwa kwenye magunia yakazikwe, yakawekwa mapya.

Mzee roho ilimuuma. Mawe mazima yazikwe! Siku moja akamsikia fundi mkuu akisema maji ya chumvi huyatapisha mawe yale, yakafaa tena. Hakungoja kusikia zaidi. Akaanza kuyaleta nyumbani, anayaosha nyuma ya jiko kwenye beseni langu la kufulia.

"Chumvi yangu inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Bibi wewe, acha ubahili. Mawe yanaoga."

"Yakimaliza, nawe ufuatie."

Yakitakata anayarudisha mapipani. Kiwandani wakamsifu kwa kubana matumizi, kichwa kikavimba. Maji ya beseni aliyamwaga chini ya ukuta.

Chini ya ukuta ule ndipo alipopikia mke mwenzangu, yaani mjukuu wetu wa kike. Kila akiletwa kwetu, mbio hadi kule. Anakanda tope, anampakulia babu yake kwenye vifuniko vya chupa, na babu anajifanya kushiba. Mwenyewe alikuwa anaonja kweli. Mpishi gani asiyeonja?

Akaanza kuumwa tumbo, akanyong'onyea. Hospitali wakapima damu, wakaikuta ina madini ya risasi.

Mkwe wetu, mama yake, alikuja peke yake. Kiti hakukitaka.

"Baba, hapa nyuma mnafanya nini?"

Mzee akaanza kumweleza mapipa, mawe, chumvi, kwa madaha yake yote. Katikati ya maneno akakwama.

"Hayo mawe yalitapikia wapi, baba?"

Akaonyesha ukuta kwa kidole.

Fundi mkuu naye, alipoambiwa, alishika kichwa. "Mzee, maji yale ya chumvi ndiyo yenye sumu sasa! Yanatakiwa yawe na pipa lake, yasafishwe upya!"

Mtoto alitibiwa, damu ikasafika polepole. Lakini kwetu haletwi, na mkwe hakutaka kubembelezwa. Mzee akawaita watu wa kiwanda. Wakachimba udongo wote wakaenda kuuzika, na beseni langu juu yake. Pale wakamwaga zege hadi ukutani, na wapimaji wakaja kuhakikisha. Ndipo mkwe akalegea.

Mke mwenzangu akaingia mbio, hata salamu hakutupa, moja kwa moja nyuma ya jiko. Akasimama juu ya zege, mikono kiunoni.

"Babu, jiko langu liko wapi?"

"Nimelitupa," akasema mzee.

Nikatafuta utani wa kumtania. Sikuupata.