Punje Zilizolia Narung'ombe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema mwenyewe, maana Isidori wa duka la jirani amekwisha kulisimulia mpaka mtaa wa Gerezani kwa wauza spea, na kila akilisimulia mbio zangu zinazidi urefu.

Nauza viatu na mikoba ya ngozi Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Nimefilisika mara mbili, nimeunguliwa stoo mara moja, na bado naamka nacheka, kwa sababu nimegundua kulia hakupunguzi kodi ya fremu ya duka. Dukani ninaye Husna, binti wa dada yangu Badria. Kidato cha nne alifaulu vizuri, na wakati anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano akawa anakuja kunisaidia. Mimi ndiye niliyemsomesha, kwa hiyo mimi ndiye niliyemchagulia masomo: biashara. Duka langu lina warithi wawili tu, yeye na panya.

Yeye alitaka kemia. Nafasi ya kubadili masomo mtandaoni ilikuwa wazi mpaka mwisho wa Aprili, na neno la siri analo mwenyewe. Angeweza kubadili kimya kimya nisijue. Hakufanya.

"Nataka uniruhusu kwa mdomo wako, mjomba," alisema.

Basi ikawa vita ya kila siku, ila ya kistaarabu.

Sasa, kuna vile vipakiti vidogo vinavyokaa ndani ya kila kiatu kipya na kila mkoba, vimejaa punje nyeupe, vimeandikwa visiliwe. Mwezi wa pili Bi Tatu wa Mchafukoge alinunua mkoba kwangu, kufika nyumbani akakuta kipakiti mfukoni. Kesho yake aliurudisha ameushika kwa ncha za vidole.

"Sadalla mwanangu, umeniwekea nini humu?"

"Kinatoka nacho kiwandani, mama."

"Dawa yako ya kuvutia wateja nakuachia. Mimi nipe mkoba mtupu."

Kariakoo neno kama hilo halihitaji miguu. Nimeona watu wakifunga maduka kwa kusingiziwa chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za watu. Nikatoa amri siku hiyohiyo: kila kipakiti kitolewe, kitupwe. Nikajiona nimefanya jambo la hekima kabisa.

Husna alivitoa. Kutupa, hakutupa. Alivikusanya kwenye ndoo nyuma ya duka, na kila wateja wakipungua ananisomea simu yake.

"Mjomba, punje hizi zina vitundu vidogo mno, havionekani kwa macho. Ndivyo vinavyonyonya unyevu. Na kuna wataalamu wamepewa tuzo kubwa ya kemia kwa kutengeneza vitu vipya vya namna hii. Gramu chache tu za unga wao, ukizitandaza kuta zote za vitundu vyake, zinaenea uwanja wa mpira. Kuna unga unaovuta maji kwenye hewa ya jangwa."

"Waambie wasije bondeni kwetu Jangwani. Pale maji yanakufuata yenyewe mpaka uvunguni."

Akacheka. Mtoto huyu ukimtania anacheka, halafu anarudi palepale alipoishia. Punje zikishiba maji, akasema, unazikaanga kwa moto mdogo, zinayatema, zinakuwa na njaa upya.

"Ila kwa nini hazichoki, mjomba? Hilo ndilo linaloninyima raha."

"Mimi nami sichoki, na tuzo sijaiona."

Asubuhi moja ya Machi nilitoka kufuata mzigo. Kurudi, nikakuta watu wamejaa uchochoro wa nyuma ya duka. Husna amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Kikaango amekwisha kukiepua, amekiweka chini kipoe, na ndani yake kuna punje tupu, kavu, zinang'aa.

"Jirani," Isidori akaniita, mikono ameikunja kifuani, "binti yako anapika chakula gani kisicho na harufu?"

Bi Tatu alikuwepo. Penye watu Bi Tatu hakosi.

"Si nilisema mimi?" akawaambia wenzake. "Leo wanaikaanga mchana kweupe."

Nikahisi duka linanitoka mikononi kwa mara ya tatu. Nilitaka watu waone kwamba mimi simo. Nikanyakua jagi la maji.

"Mjomba, usimwage, zita..."

Nikamwaga lote.

Punje zikalia. Tik. Tik tik. Halafu zote kwa pamoja, tak-tak-tak, nyingine zinaruka na kupasuka vipande, mfano wa watu wanaogombana kwa lugha yao. Mtu mmoja akasema, "Zinaongea hizo," na sijui nini kilichofuata pale uchochoroni kwa sababu sikuwepo tena. Nilikuja kujitambua Mtaa wa Msimbazi nikiwa na kandambili moja. Umati ulikuwa nyuma yangu, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata siku ile: niliongoza.

Nilirudi baada ya vikombe viwili vya kahawa. Husna alikuwa palepale, ameinamisha sikio juu ya kikaango.

"Zimenyamaza sasa," akasema kwa masikitiko, kama mtu aliyekatiwa redio.

"Zilikuwa zinasema nini?" niliuliza nikiwa mlangoni.

"Zilikuwa kavu kabisa, wewe ukazipa maji kwa mpigo. Zimeyanywa kwa pupa mpaka zikapasuka."

"Zimekufa?"

"Zimevunjika tu. Vitundu bado vipo. Nikizikausha tena zitafanya kazi." Akaniletea kandambili yangu ya pili. Halafu akasema, "Mjomba, nipe lile pipa la bluu lenye mfuniko, na mikoba kumi na miwili. Masika inyeshe, mwisho wa Aprili tufungue. Ikiwa imeota ukungu, nakwenda kusoma biashara na sinuni. Ikiwa safi, unaniruhusu."

Nilikubali haraka. Stoo yangu ya Mchafukoge iko chini, kuta zinatoka jasho, na hakuna masika iliyowahi kupita bila kunilia ngozi. Niliona mchezo umekwisha kabla ya kuanza.

Akazikausha punje upya, akazijaza kwenye soksi zile za kujaribia viatu, akafunga mafundo, akazipanga ndani ya pipa pamoja na mikoba. Akafunika, akazungushia selotepu mpaka pipa likafanana na mgonjwa aliyevunjika mbavu.

Mvua zikaja. Jangwani kukawa ziwa, barabara ikafungwa, sisi wa Kariakoo tukauza mabuti ya mpira. Husna hakulifungua pipa hata kuchungulia. Mimi nilijaribu mara moja. Nikakuta ameandika kwa kalamu juu ya mfuniko: Shikamoo mjomba, usiguse.

Zilipobaki siku tatu nafasi ya kubadili masomo ifungwe, tukaenda stoo. Isidori alikuja kama shahidi. Bi Tatu alikuja kwa sababu ni Bi Tatu.

Mikoba ya kwenye rafu ilikuwa imeota ndevu za kijani. Miaka mingine iliota michache. Mwaka huu, kwa amri yangu ile ya hekima, yote. Niliufuta mmoja kwa kiganja, ngozi ikabanduka nayo.

Husna akakata selotepu. Mfuniko ukatoka, na harufu ya ngozi mpya ikajaa stoo nzima. Bi Tatu akaingiza mkono, akatoa mkoba mmoja, akaunusa, akaupekua mfuko kwa mfuko.

"Huu nauchukua," akasema. "Na hiyo soksi yake uniwekee humohumo."

Mtu wa haki angesema ndiyo hapohapo. Mimi ni mfanyabiashara.

"Umeshinda, mwanangu, sikatai," nikasema. "Lakini si umeona faida yake dukani? Basi kemia yako uifanyie hapahapa. Ya nini kwenda kuhangaika na vitundu visivyoonekana?"

"Halafu wanatusingizia sisi Wachaga kupenda pesa," akasema Isidori.

Husna akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mjomba, siku ile punje zilipolia, wewe ulikimbia, mimi nikainama kuzisikiliza. Sasa sema wewe, nani kati yetu aende shule na nani abaki na duka."