Tumbaku ya Mahameni

Mzee Tarsis alipoliona jina la Lihambe limeandikwa kwa mkaa ubavuni mwa robota la tumbaku, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena. Lihambe. Kijiji hicho hakikuwapo tena tangu mwaka sabini na nne. Yeye mwenyewe alikuwapo siku kilipoezuliwa mapaa.

"Mzee, mbona umeganda?" Moza alimuuliza. "Umeona nyoka?"

"Tumbaku hii umeipata kwa nani?"

"Kwa Anselmi, mkulima wa hukohuko kwenu Namtumbo. Amefungua shamba kwenye mahame, anasema ardhi imepumzika miaka hamsini. Mbegu nilimpelekea mimi. Mbegu ya Kuba hiyo, mzee wangu, siyo mchezo."

Walikuwa ghorofa ya pili, Mtaa wa Narung'ombe, katika chumba alichokigeuza Moza karakana ya kusokota siga, zile sigara nene za majani matupu wanazovuta wageni kwenye mahoteli ya upande wa Kivukoni. Chini yao Kariakoo ilikuwa imekwishapamba moto, kila spika ikishindana na mwenzake. Moza, binti wa Kizaramo, alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, lakini kulisoma jani alikuwa bado. Kwa hilo alimtegemea Mzee Tarsis, aliyechambua tumbaku ya chama cha ushirika miaka ishirini na miwili kabla ya kuja mjini kuuza ugoro Mtaa wa Msimbazi. Leo alimwita amchagulie majani ya kuvalisha siga kwa nje, yaliyo bora kuliko yote.

Mzee Tarsis alichomoa jani moja la Lihambe, na jingine kutoka robota la Urambo, Tabora, ambako Moza alipeleka mbegu ileile. Akayatandaza mezani.

"Haya, tazama. Mishipa imekaa sawasawa, ncha zimechongoka sawasawa. Hiyo ndiyo kazi ya mbegu, na imeishia hapo. Urambo ni mchanga, kwa hiyo jani limetoka jembamba, rangi ya chai ya maziwa. Likiwashwa linakwenda mbio. Hili la kwetu limekula udongo mzito. Shika. Unasikia lilivyo na mafuta?"

"Mimi mteja nimeshamwambia ni Kuba."

"Mwambie mama yake Mkuba, ila amenyonyeshwa Namtumbo."

Moza alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nyie Wangoni nyie! Haya, chagua basi, babu."

Robota lilikuwa na mafungu ya aina tatu. Anselmi aliyafunga kwa kamba nyeupe, za buluu na nyekundu, kufuatana na sehemu ya shamba alipochuma. Mzee Tarsis alikunja jani la kamba nyeupe, akaliwasha, akavuta kidogo mdomoni tu kama ilivyo kwa mchambuzi, akautoa moshi taratibu. Ladha ya bonde: tope na nyasi zilizooza. Lile la buluu lilikuwa kavu, lenye ukali wa pilipili mwishoni. Udongo wa kilimani.

Kisha akawasha la kamba nyekundu.

Liliungua polepole. Jivu lake lilikuwa jeupe kama unga, likasimama bila kudondoka, na Mzee Tarsis alijua maana yake hata kabla ya kuonja: udongo uliomwagiwa majivu ya jikoni miaka na miaka. Mahali palipokuwa na nyumba. Alipovuta, mdomo ukajaa kitu ambacho hakuwa amekionja tangu ujana wake. Utamu wa mbali wa asali chungu, halafu chumvichumvi, halafu moshi wa kuni za mtu mmoja anayejulikana.

Mama yake alikuwa akivuta kiko. Tumbaku yake aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, mbegu ya zamani, majani mafupi ya mviringo yasiyofanana hata kidogo na haya. Lakini ilikuwa ndiyo hii.

"Mzee," Moza aliita kwa sauti ya chini. "Hebu sogea upande huu."

"Kwa nini?"

"Wewe sogea tu."

Alihamia upande wa pili wa meza. Feni ilikuwa inapuliza kuelekea dirishani, na karatasi mezani zilikuwa zinapepea kuelekea huko. Moshi wa jani haukwenda dirishani. Ulizunguka kona ya meza, chinichini, ukamfuata, ukapanda magotini mwake na kutulia kifuani.

"A'udhubillahi," Moza alisema. Akaizima feni. "Babu, tumbaku hii ina nini?"

Mzee Tarsis alikaa kitako. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote jambo lile, hata marehemu mkewe.

"Wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipotuhamishia vijiji vya ujamaa, nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Lihambe nzima, mwenye mwandiko mzuri nilikuwa mimi. Wakanipa daftari niandike kaya zilizohama. Mama alikataa kuhama. Alikaa mlangoni na kiko chake, akasema yeye haendi. Mimi nikaona aibu. Karani wa zoezi, mama yake mzazi amegoma! Nikamwandika amehama. Nilisema moyoni, nitarudi kumchukua wiki ijayo."

"Ukarudi?"

"Mvua zikaanza. Mto ukajaa. Na kwa kuwa daftari lilisema amehama, hakuna aliyetumwa kumtazama. Warina asali ndio waliomkuta. Walimzika nyuma ya nyumba. Nilipokwenda, baada ya miaka minne, palikuwa msitu. Nilizunguka siku tatu, sikuona nyumba wala kaburi. Sijui mama yangu amelala wapi, Moza. Hilo ndilo nimeishi nalo."

Moza aliyatazama mafungu ya kamba nyekundu. Yalikuwa ndiyo mazuri kuliko yote, laini, meusi, yasiyo na tundu hata moja. Alichukua simu yake, akatafuta namba, akabonyeza kipaza sauti, akaiweka mezani.

"Mama Siga, shikamoo!" sauti ya Anselmi iliruka. "Mzigo umefika?"

"Marahaba, umefika. Kuna mzee wangu anataka kukuuliza jambo."

"Kijana," Mzee Tarsis alisema, "kamba nyekundu ulichuma wapi?"

"Ah, ile? Kona ya juu, karibu na kijito. Palikuwa na mafiga matatu, nikayaacha. Nyuma yake kuna kituta hivi, nilidhani kichuguu kilichokufa. Nimepanda mpaka juu yake. Tumbaku ya pale, mzee, sijapata kuona! Msimu huu naleta trekta nipasawazishe pote."

"Usilime pale."

"Nini?"

"Nimesema usilime pale."

Anselmi akacheka, kicheko cha mtu anayeanza kuudhika. "Mzee, kwa heshima zote, shamba nimepewa na serikali ya kijiji, karatasi ninazo. Wewe ni nani wa kunipangia?"

Mzee Tarsis alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kujibu haraka, soko lote lilimjua hivyo. Sasa moshi ulikuwa umemfika shingoni na hakuweza kuupunga.

"Hicho kituta ni mama yangu," alisema. "Anaitwa Agnesi. Nilimwacha hapo peke yake, nikaandika kwamba hayupo."

Upande wa pili ukasikika upepo, na mtu mbali akiita mbuzi.

"Wachumaji wangu hawaingii kona ile jua likishapinda," Anselmi alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Wanasema inanuka kiko. Niliwatukana. Niliwaita wavivu." "Mzee, unakuja lini?"

"Kesho. Basi la alfajiri."

"Haya. Leo jioni nitakwenda mwenyewe nikamsalimie. Nimwambie anakuja nani?"

Moza alikuwa amegeukia dirisha, akijifuta macho kwa mtandio.

"Mwambie anakuja karani," Mzee Tarsis alisema. "Mwambie anakuja kusahihisha."