Wa Kwanza Kati ya Mmoja

Masunga alibandika ripoti ya binti yake kwenye ukuta wa baraza, kwa uji maana gundi haikuwepo, kisha akarudi nyuma hatua tatu aitazame. Iliandikwa: Kabula Masunga, Kidato cha Pili, nafasi ya kwanza kati ya mwanafunzi mmoja. Chini kulikuwa na sahihi tatu: ya mwalimu wa darasa, ya mkuu wa shule na ya mzazi. Zote zilikuwa za Masunga.

Jirani yake Salu alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akasimama, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Hongera sana, Baba Kabula. Na wa mwisho ni nani?"

"Shule yangu haina wa mwisho."

"Inaye, bwana! Ni huyohuyo."

Salu alicheka mpaka ng'ombe wakamtangulia. Masunga alikunja uso, lakini ripoti hakuibandua.

Shule yenyewe ilikuwa sebule. Masunga alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na minne, hapo Bariadi, hadi makampuni ya watu binafsi yaliporuhusiwa kununua pamba. Chama kikayumba, makarani wakarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Msimu huohuo Kabula alifaulu darasa la saba lakini hakuchaguliwa, kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache na waliofaulu walikuwa wengi. Shule za binafsi zilikuwa zimeanza kuota, lakini ada zake zilikuwa za kucheka peke yako barabarani. Basi Masunga akasema: kidato cha nne ninacho, muda ninao, binti ninaye. Atasoma nyumbani, afanye mtihani wa maarifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akawa anasahihisha madaftari kama alivyokuwa anapanga pamba kwa madaraja. Jibu zuri aliandika "Safi", baya "Fifi", na daraja la katikati hakuwa nalo.

Shida ilikuwa Siku ya Taaluma. Kila Desemba, baada ya misa, parokia ilikuwa inawaita mbele vijana walioshika nafasi ya kwanza darasani na kuwaingiza katika Kundi la Heshima. Walivishwa utepe wa bluu, wakapewa cheti, na Jumamosi waliruhusiwa kusoma vitabu vya parokia. Mwaka uliopita Kabula alikaa upande wa akina mama, akimbembeleza mtoto asiye wake, huku wenzake aliomaliza nao la saba wakipigiwa makofi.

"Baba," alisema mwaka huu, "miaka miwili nasoma na hakuna mtu hata mmoja anayejua kama nasoma. Nikikosa tena utepe, naacha. Nitakwenda kujifunza cherehani sokoni."

Alisema bila kulia, na hapo ndipo Masunga alipoogopa kwelikweli.

Akaenda kwa Mwalimu Kristofa, katibu wa kamati ya taaluma, mtu mpole mwenye kupenda kanuni kuliko chai.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, Bwana Masunga. Ripoti yako nimeiona. Nani hajaiona?" Kristofa akavua miwani. "Lakini ndugu yangu, mtu mmoja si darasa. Huyo kamshinda nani? Meza?"

"Nifanyeje sasa?"

"Niletee wanafunzi wawili, binti yako na mwingine mmoja. Mtihani nitatunga mimi, nitasimamia mimi, nitasahihisha mimi. Atakayekuwa wa kwanza, utepe wake."

Mwingine mmoja! Masunga alizunguka mtaa mzima akimtafuta. Watoto wa sekondari walikuwa na shule zao, na wasio nazo walikuwa machungani. Alirudi nyumbani amechoka, akamkuta mkewe anapepeta mtama.

"Mama Kabula, utakaa kwenye mtihani na mwanao."

"Mimi?"

"Ukae tu. Andika chochote. Tunataka idadi."

Mama Kabula alimtazama kidogo, akaendelea kupepeta. "Haya," alisema.

Mtihani ulifanyika Jumamosi, pale sebuleni. Kristofa alikaa katikati na saa yake ya mkono, na Masunga akafukuzwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Jumatatu matokeo yakaja: Kabula sitini na nane, mama yake thelathini na moja. Lo! Masunga aliruka. Kabula alijaribu kutokutabasamu, akashindwa. Ilibaki tu mkuu wa shule aandike ripoti mpya na kutia sahihi.

Kabla ya kusaini, Masunga alichukua karatasi ya mkewe apate kucheka kidogo. Hakucheka. Karani wa mizani anaijua karatasi iliyofutwa. Mkulima gani hajawahi kujaribu kuikwangua stakabadhi? Akaielekeza dirishani. Swali la nne, hesabu yote ilikuwa imefanywa vizuri kwa penseli, ikafutwa, na juu yake likaandikwa jibu la ovyo kwa kalamu. La tano vilevile. La tisa, ambalo Kabula mwenyewe alikosa, lilikuwa limepatikana, likafutwa.

Alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Kabula, swali la tisa ulilipata."

"Sikulipata. Soma karatasi."

"Nimeisoma. Ulifuta."

Mama Kabula akapuliza moto. "Nisingefuta, utepe angevaa nani? Mimi na uzee huu?"

"Umejifunza wapi aljebra?"

"We Baba Kabula unafundisha kwa makelele. Miaka miwili! Hata mbuzi wa Salu wanajua kani ya uvutano."

Masunga alikaa kwenye kinu. Mkewe alikuwa kidato cha pili siku ng'ombe wa mahari wa Masunga walipofika kwa baba yake, na hakuna aliyemuuliza kama amemaliza muhula. Masunga hakuwa ameuliza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima atazame miguu yake. Na bado kalamu ilikuwa mkononi. Akitia sahihi, binti anapata utepe. Asipotia, binti anakwenda kwenye cherehani.

"Kwa hiyo niliachiwa," sauti ikasema mlangoni.

Kabula alikuwa amesikia yote. Aliinyakua ile karatasi, akatoka nayo mbio mpaka kwa Mwalimu Kristofa, na jioni akarudi na jibu: mtihani mwingine, Jumamosi ijayo.

"Sitaki utepe wa kuonewa huruma," alimwambia mama yake. "Na ukifuta hata namba moja, mama, naacha leoleo."

Safari hii Mama Kabula hakufuta. Kristofa alisahihisha mara mbili, kwa kutoamini macho yake. Mama themanini na nne, binti sabini na saba.

Kabula alisoma matokeo, akavaa kandambili, akaondoka kuelekea sokoni bila kumuaga mtu. Masunga alikaa barazani mchana kutwa. Alimuuliza kila aliyepita kama ameona msichana kwenye cherehani, na kila mmoja alimjibu hapana. Mama Kabula alipika, chakula kikapoa, hakuna aliyekigusa.

Jua lilikuwa linazama Kabula aliporudi. Aliweka mezani madaftari mawili mapya, moja upande wake, jingine upande wa mama.

"Swali la tisa," alisema, "ulilifanyaje?"

Siku ya Taaluma ilipofika, Kristofa alisimama mbele na orodha yake. Aliita wa sekondari, wakapita, wakapigiwa makofi. Kisha akarekebisha miwani.

"Kidato cha Pili, wanaosoma nyumbani. Wa kwanza kati ya wawili: Felisita Bundala!"

Hakuna aliyesimama. Watu wakageuka huku na huku.

"Huyo ni binti wa nani?" Salu alimnong'oneza Masunga.

Jina lile Masunga alikuwa amelinakili kutoka kadi ya ubatizo ya mkewe, kwa sababu tangu amuoe hakuwahi kumwita nalo hata siku moja. Ng'ambo, kwenye benchi za akina mama, mkewe naye alikuwa amegeuka nyuma, anamtafuta huyo msichana anayechelewesha watu.

"Felisita Bundala!" Kristofa akarudia.

Kabula akamgusa bega. "Mama. Ni wewe."

Mama Kabula akasimama. Alinyoosha kitenge, akaweka mikono nyuma, na kwa sauti kubwa, kama siku mwalimu alipoita mahudhurio kwa mara ya mwisho, akaitika:

"Nipo!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Masunga hakuweza kucheka. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya wanaume wenzake, na Salu alisogea karibu naye, wala hakumtania.